Kitufe cha Ng'

Kifurushi kilikaa posta siku arobaini na moja.
Afisa wa ushuru alichana karatasi, akatikisa kopo,
akauliza, "Hizi ni shanga?"
Nikamwambia ni swichi. Za kibodi. Tisini.
"Na kibodi yenyewe iko wapi?"
Nikamwambia bado haijazaliwa.
Akanitazama, akagonga muhuri. Nikalipa.

Bamba nilikatiwa na Ngumbau, Kamukunji,
katikati ya majiko na masanduku ya bati ya wanafunzi.
Yeye huzoea kupima kwa jicho;
mimi nilimpelekea nusu milimita.
"Dada, hii ni kazi ya daktari wa meno."
Akakata, akakosea, akakata tena,
akapuliza unga wa alumini kwenye tundu la mwisho
na bamba lililoharibika hakunidai:
"Hilo lilikuwa karo yangu."

Usiku, Umoja, ghorofa ya nne,
nafungua swichi mojamoja kwa kucha:
kifuniko, shina, springi, kikombe.
Tone la grisi kwa brashi ya kope, si zaidi.
Ukizidisha, kitufe huwa kivivu,
kinainuka kama mtoto anayeamshwa kwenda shule.
Ukipunguza, kinakwaruza,
ndala yenye mchanga juu ya saruji.
Nikifika ya thelathini na sita stima inapotea.
Naendelea kwa tochi ya simu, nayo simu inalia:
ni Kavindu, dada yangu.
"Kibodi za mia sita zimejaa Luthuli!"
Najua. Nilikuwa nayo.
Ilikuwa na sauti ya mtu anayetafuna karatasi ya nailoni.

Mimi nataka kete ya bao
ikitua juu ya kete nzake. Ko.
Ndiyo maana nimekata sponji ya godoro kuukuu
nikailaza chini ya bamba,
mwangwi usizurure humo ndani
kama katika nyumba iliyohamwa.

Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa:
kesi za mashamba, saa tatu za sauti, vikohozi na vyote.
Na kwa miaka minane nimeona jinsi A
anavyofanya zamu zote mpaka uso umefutika,
huku Q na X wamekaa safuni
kama wageni wa harusi wasiomjua bibi wala bwana.
Shahidi akisema ng'ombe wake walifukuzwa,
akisema mawe ya mpaka yaling'olewa usiku,
mimi nasafiri: n, halafu g,
halafu kidole kidogo kinavuka kibodi nzima
kuitafuta ritifaa.
Sauti moja, safari tatu.

Basi nikamng'oa Q.
Mahali pake nikaweka kitufe cha kijani, nikakifundisha
kusema ng' kwa pumzi moja.
X nimemwacha. Kila nyumba ina kiti cha mgeni.

Jumapili nikamaliza kulehemu, nikajaribu.
Abari. Apana. Akimu ametoa ukumu.
Kibodi ilizungumza kama marehemu mjomba Muthengi,
aliyefika miaka sabini na tisa
bila kuihitaji h hata siku moja.
Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Tatizo nililiona mara moja:
nukta moja ya lehemu, baridi, isiyong'aa.
Sikuigusa usiku ule.
Nilimwandikia mjomba ukurasa mzima kwa lafudhi yake,
asubuhi ndipo nikapasha chuma moto.

Jumatatu. Rekodi ya pili, dakika ya arobaini.
Mama mmoja anaulizwa kama yuko tayari kuhama.
Kimya. Kiti kinalia. Mtu anafunua karatasi.
Anaulizwa tena.
"Sing'oki," anasema.

Kidole kimoja.
Ko.